Maji ya Saa Nane Mchana

Mume wangu Emilian hakuwa mtu wa kuandikwa. Hakushika cheo, hakwenda ng'ambo, na kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango ili awahi kutoka. Lakini yapo mambo yaliyompata ambayo watu wa Uru wanayasimulia kombo, na anayeyajua sawasawa ni mimi peke yangu, mke wake, Dafroza. Emilian amekwisha kufa, nami sina tena sababu ya kufunga mdomo.

Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wavulana watano, na kwetu wavulana wa katikati huzaliwa wamechelewa. Kihamba, shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, huenda kwa mkubwa na kwa kitinda mimba. Wa katikati huambiwa wakatafute porini. Mila hiyo sikuitunga mimi. Ningeitunga mimi ingekuwa na akili kidogo. Baba mkwe alipofariki mwaka 1967, kaka mkubwa, Kastori, alirithi nyumba na kahawa, na mdogo wao wa mwisho akapata upande wa korongoni. Emilian aliomba mistari mitatu tu ya migomba nyuma ya nyumba ya mama yake, tuweke kibanda. Kastori akajibu, "Baba hakuacha neno hilo." Hapo Emilian akamwambia kaka yake, mbele ya wazee na wanawake waliokuja matangani, maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa. Siyarudii hapa. Tangu siku hiyo hawakusalimiana kwa miaka saba.

Ndiyo maana tuliondoka Uru mlimani tukashuka tambarare, chini ya barabara ya Himo, kuelekea Chekereni. Binti yetu Epifania nilikuwa nimembeba mgongoni. Tulipewa ekari mbili na nusu zenye migunga na mawe, tukajenga nyumba ya miti na udongo. Mimi niliyezoea ukungu wa Uru nililia wiki nzima kwa ajili ya lile joto. Emilian hakulia. Alivua shati, akatazama jua, akasema, "Hapa patafaa." Nilidhani jua limemwingia kichwani.

Kumbe alikuwa na lake moyoni. Kabla hajanioa alifanya kazi miaka minne katika mashamba ya miwa, akifungua na kufunga maji. Huko fundi mmoja wa pampu, mzee Yohana kutoka Songea, alimpa mbegu za tikiti zilizofungwa kwenye kitambaa, akamwambia kwamba tikiti la mbegu hizo likitunzwa hubebwa na wanaume wawili. Emilian alizipanda, akakosea. Akapanda tena, akakosea tena. Miaka sita alikosea, na sijaona mtu mwingine anayekosea kwa uvumilivu kama ule. La kwanza lilioza. La pili lilikomaa likiwa dogo kama kichwa cha mtoto. Manne yalipasuka.

"Tikiti linapenda joto," aliniambia, "kuliko unavyonipenda mimi."

"Hiyo si kazi kubwa," nikamjibu.

Alicheka, lakini hilo jambo alikuwa ameliwaza mpaka mwisho. Joto ndilo linalolivuta tikiti. Siku za Januari, jua linapokaza mpaka kuku wanatanua mabawa kivulini, mtikiti hurefuka ukiuona kwa macho. Mawingu yakikaa siku tatu, unasimama. Shida iko kwenye maji. Likikaa na kiu kwenye joto kali, ganda hukaza. Halafu maji mengi yakija kwa mara moja, nyama ya ndani hunywa na kuvimba, ganda limekwisha kukaza haliwezi kutanuka, basi linapasuka. Kwa hiyo aliyapima maji kwa debe kama daktari anavyopima dawa: kiasi kile kile, saa ile ile, alfajiri jua halijatoka, pembezoni mizizi inakoishia. Udongo aliufunika kwa majani makavu ya migomba ili unyevu usinyonywe. Tunda lenyewe alilikalisha juu ya mchanga na matete, na juu yake akatundika gunia liwe kivuli, ganda libaki laini.

Na jambo moja alinikataza kila siku, mpaka nikachoka kulisikia. "Usiuangalie mtikiti saa nane mchana, Mama Epifania. Saa nane kila jani hulala, hata likiwa limeshiba. Uangalie asubuhi. Asubuhi ukiwa umelala, hapo ndipo una kiu."

Nilimwitikia, ndiyo, nimesikia. Niliitikia kama mke anavyoitikia huku anachambua mchele.

Mwaka 1974 ulianza kutisha mapema. Mvua za masika zilikuwa haba, na za vuli hazikuja kabisa. Tulikula unga wa njano uliotoka ng'ambo, ule tuliouita Yanga, na hata huo ulifika kwa foleni. Mwezi wa Agosti wakaja watu wa kamati ya kijiji wakipigilia vigingi vyenye vichwa vilivyopakwa rangi nyekundu. Kijiji kinapangwa upya, wakasema. Nyumba zote zitakuwa kwenye mstari karibu na barabara, na mashamba yataunganishwa kuwa moja la bega kwa bega, lilimwe kwa trekta. Kigingi kimoja walikipigilia hatua nne kutoka mlango wangu wa jikoni. Kila nilipotoka kumwaga maji ya vyombo nilikiona.

Trekta lilianzia mbali, upande wa mashariki. Tulilisikia siku nzima, na kila wiki sauti ilikuwa imesogea. Kwanza lilikuwa mngurumo tu kama wa nzi chupani. Kufikia Novemba niliweza kusikia dereva akibadilisha gia. Jirani zetu wawili walifungasha, mmoja kwa hiari na mmoja kwa kusukumwa, na asubuhi moja tukaona uwanda mtupu mwekundu mahali palipokuwa na nyumba zao.

Emilian hakuwa mtu wa kugombana na serikali. Alikwenda kwa Bwana Shamba, kijana mmoja mpole aliyeitwa Elimringi, akamweleza habari za tikiti alilopanda msimu ule. Elimringi alikuja mwenyewe, akatazama, akavua kofia. Wakati huo tunda lilikuwa la wiki tano tu na tayari lilikuwa kubwa kuliko ndoo. Akatuambia hivi: tarehe tano Februari, siku ya kuadhimisha Azimio, kutakuwa na maonyesho ya mazao pale Moshi mjini. Tikiti hilo likifika likiwa zima, yeye mwenyewe atapeleka ombi kwamba ekari zetu ziachwe kama shamba la mfano, na Emilian abaki kuwafundisha wengine. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo. Alikuna shingo, akasema, "Sawa. Likifika. Lisipofika, trekta linapita tarehe sita."

Basi tukaanza kuishi kwa ajili ya tunda. Yale mengine yote aliyakata yangali machanga, zaidi ya thelathini, ili nguvu yote ya shina iende kwa moja. Mwaka wa njaa, watu wanapanga foleni ya unga, na mume wangu anakata chakula na kukitupia mbuzi! Wanawake wa kijiji walisimama njiani wakitazama. Mmoja alitema mate. Nilimtukana Emilian moyoni siku hiyo, na usiku nikamtukana kwa mdomo, naye akakubali kwamba nina haki.

Lilikua kwa namna ambayo sikuipenda. Kila Jumamosi Emilian alilizungushia kamba na kuifunga fundo, na kila Jumamosi fundo jipya lilikuwa mbele ya lile la zamani kwa upana wa kiganja. Mwanzoni mwa Januari ile kamba ilinizunguka kiuno ikabaki nusu yake. Lilikuwa la kijani kibichi chenye michirizi iliyopauka, limelala chini ya gunia lake kama mgonjwa aliyefunikwa. Epifania alikataa kupita upande ule. Mimi nilipita, kwa kuwa kisima kilikuwa huko, lakini sikuligeuzia mgongo. Unaweza kunicheka. Wewe hukukaa na kitu kinachonenepa kila siku wakati mwanao anakonda.

Kisima ndicho kilichoanza kutuangusha. Maji yetu yalikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na mfongo, mfereji wa wazee unaochukua maji mtoni huko juu Uru; ulipita kwa kina Kastori na kwa jirani zao wote kabla ya kutufikia sisi, kwa hiyo kilichofika kilikuwa mkia, na mwaka ule hata mkia haukufika. Kilichobaki kilikuwa kisima cha korongoni. Katikati ya Januari ilibidi nishuke ndani kwa miguu na kukwangua kwa kibuyu.

Emilian akapunguza. Kutoka madebe manne kila alfajiri akashuka hadi matatu, baada ya siku nne mawili na nusu, kisha mawili. Alisema tukilipunguzia polepole litazoea. Tukilinyima ghafla litaumia. "Limekwisha kukua," alisema. "Sasa kazi ni kulifikisha tu." Kamba haikusogea tena, lakini haikuhitaji kusogea. Lilikuwa mzigo wa wanaume wawili, na wa tatu wa kushika mlango.

Mimi sikusikia. Nilisikia trekta. Lilikuwa limefika kwenye mgunga wa jirani, kiasi kwamba vumbi lake liliingia katika uji wetu. Na kila mchana nilipotoka jikoni niliona yale majani yamelala chali, yamekunjamana, yanaomba. Nilikuwa nimekatazwa kuyatazama saa ile, lakini saa ile ndiyo niliyokuwa na nafasi. Asubuhi nilikuwa kisimani. Nikajiambia kwamba mwanamume huyu kwa ukaidi wake ataliua tunda kwa kiu siku tano kabla ya siku yenyewe, na sisi tutalala barabarani.

Siku ya Alhamisi, tarehe thelathini Januari, nilimwambia Emilian nakwenda kumwona mama yangu. Nikapanda Uru. Sikwenda kwa mama. Nilikwenda kwenye ua wa jirani nikaomba jani la isale.

Asiyejua isale ajue hivi. Kwetu ni jani la msamaha. Aliyekosa hulifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea, na anayepelekewa hawezi kulikataa, hata kama kosa ni damu. Likikataliwa, balaa humgeukia aliyelikataa. Halichezewi, na halipelekwi kwa jina la mtu ambaye hakulituma.

Nilimkuta Kastori anachambua kahawa kivulini. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotegemea. Nikapiga magoti, nikalitoa lile jani kwenye kanga.

"Shikamoo shemeji."

Aliacha kuchambua. Alikuwa anatazama jani. "Ametuma yeye?"

"Ametuma."

Nilisema uongo nikiwa nimepiga magoti. Kastori alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mwanamume wa ukoo ule: alilia, mzee mzima, machozi yanadondokea kahawa. Akaniuliza mdogo wake anahitaji nini.

"Maji kidogo tu, shemeji. Zamu yako moja. Tuna tikiti linakufa."

"Kidogo?" Akainuka. "Mdogo wangu ananitumia isale baada ya miaka saba, nami nimpe maji kidogo? Watu watanionaje?"

Akaita wazee wa mfongo jioni ile ile. Zamu ya maji kwetu ni kitu kikubwa; watu wamekatana panga kwa saa moja ya zamu. Kumpa mtu zamu yako ni kumpa sehemu ya mwili wako. Na wale wazee, nyumba moja baada ya nyingine, walitoa zamu zao, kwa kuwa ndugu wawili wanapatana. Ikaamuliwa kwamba Jumatatu asubuhi kila mtu atafunga kwake na mfongo mzima utateremshwa porini kwa Emilian, mchana kutwa na usiku kucha. Hakuna aliyeuliza kama maji yale yanahitajika yote. Kule juu nani aliwahi kuona mgomba ukilalamika maji? Mimi mwenyewe, mtoto wa migombani, nilishuka mlima ule nikiimba.

Nilikuwa na siku tatu za kumwambia. Ijumaa sikumwambia. Jumamosi alipima kamba, hakuna mabadiliko, akaridhika. Jumapili baada ya misa aliketi karibu na tunda akasema, "Kuanzia leo halipati hata tone. Jumanne lori linakuja kulichukua. Nataka libaki hivi hivi." Mdomo wangu ulifunguka. Lakini kumwambia habari ya maji ilikuwa ni kumwambia habari ya isale, na niliogopa uso wake. Nikaufunga tena. Nikajifariji kwamba maji hayajawahi kumuua mtu kwa kumnywesha.

Jumatatu tarehe tatu mwenyekiti aliitisha mkutano wa wanaume wote, barabarani, kugawa viwanja. Emilian aliondoka asubuhi. Jua siku hiyo lilitoka na hasira zake. Elimringi alikuwa ametutundikia kipimajoto kwenye nguzo ya nyumba, na mimi niliyefundishwa kukisoma niliona kimepita thelathini na saba. Hakuna upepo. Trekta lilikuwa limenyamaza kwa sababu ya mkutano, na ukimya wake ulinikera kuliko kelele zake.

Nilisikia maji kabla ya kuyaona. Yalikuja kwenye mfereji mkavu yakisukuma mbele yake majani, vumbi, na mijusi iliyokuwa inakimbia. Yalikuwa mengi. Sijawahi kuona maji mengi kiasi kile tambarare, mekundu, yanazunguka kama yana mikono. Yalifika kwenye tuta linalotenga shamba letu na mfereji, yakasimama hapo, yakaanza kupanda.

Nilikuwa na jembe mkononi. Hatua sita upande wa kushoto palikuwa na njia ya kuyapeleka korongoni. Mapigo matano ya jembe yangetosha. Upande wa kulia palikuwa na tuta la shamba, na nyuma ya tuta mtikiti, na majani yote yamelala. Ilikuwa saa nane kamili. Nilijua ni saa nane, kwa maana kivuli cha nguzo kilikuwa kwenye kizingiti. Nilijua pia maneno ya mume wangu, neno kwa neno.

Nikapiga jembe upande wa kulia.

Maji yaliingia. Yalikimbilia chini ya majani makavu ya migomba, yakayainua, yakazunguka shina, yakalifikia tunda na kuliogesha. Nilisimama humo mpaka magotini, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, nisipoliandika hilo nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Baada ya saa moja majani yalianza kunyanyuka, nami nikayapigia vigelegele peke yangu.

Emilian alirudi saa kumi na moja. Aliyaona maji tangu njiani, akaanza kukimbia, na sikuwahi kumwona akikimbia tangu tuoane. Alininyang'anya jembe, akaziba tuta, akafungulia maji njia ya korongoni, akatoa kisu kiunoni akaenda kukata kikonyo, ili tunda liache kunywa. Aliinama, akaweka kiganja juu ya ganda. Akaniangalia.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane."

Alishusha kisu. Lilikuwa limekunywa saa tatu nzima; kukata kikonyo kusingesaidia tena. Sauti ilitokea chini ya kiganja chake, sauti ya kanga mpya inapochanwa, ndefu, isiyo na haraka, kuanzia kwenye kikonyo mpaka upande wa pili. Mwanya ulifunguka, mwekundu, na maji ya tunda yakaanza kutiririka juu ya matete. Yeye hakuondoa mkono. Sikuweza kutazama uso wake, nikatazama miguu yake ndani ya matope. Maji ya mfongo yaliendelea kupita pembeni yetu kwenda korongoni usiku kucha, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuyasimamisha.

Jumanne saa tatu lori likaja. Ndani walikuwamo Elimringi, mwenyekiti, na vijana wanne wa kubeba. Elimringi aliona, akavua kofia kama siku ile ya kwanza, akakaa kwenye ngazi ya lori. Mwenyekiti alilizunguka tunda mara mbili.

"Nani amelimwagilia hili?" aliuliza.

Kabla hajajibiwa, alitokea mtu kwenye njia ya juu. Alikuwa Kastori. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na mkungu wa ndizi begani, ameubeba mwenyewe, mzee ambaye kwake hata kiti hubebewa. Aliuweka chini mbele ya mdogo wake. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto.

"Mdogo wangu," alisema. "Isale yako niliipokea. Nimekuja na miguu yangu kukwambia. Na maji, je, yalikufikia?"

Niliona Emilian akilisikia neno lile, isale. Aligeuza kichwa polepole akanitazama, na hapo alielewa yote, magoti yangu, uongo wangu, maji na saa. Neno moja lake lingetosha. Angesema sikutuma, sikuomba, ni mwanamke huyu. Mwenyekiti angeambiwa kwamba shamba liliharibiwa na maji ya watu wengine, na Elimringi, niliyejua anatafuta sababu yoyote ya kututetea, angepata pa kushika. Lakini Kastori angesimama pale, mbele ya vijana wa lori, na jani ambalo hakuna aliyelituma.

"Shikamoo kaka," Emilian akasema. "Isale niliituma mimi. Na maji yamefika. Aika, asante."

Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Nimemwagilia mimi. Nimezidisha. Ni kosa langu mwenyewe."

"Basi unajua," mwenyekiti akasema, na hata yeye hakulisema kwa raha.

Kastori alilitazama tunda, akasikitika, akauliza kwa nini limepasuka. Emilian akamjibu kwamba lilikuwa limeiva kupita kiasi, amechelewa kulivuna. Akakata vipande kwa kile kisu cha jana, akampa kaka yake cha kwanza, cha pili mwenyekiti, halafu vijana wote. Walikula wamesimama, wakasifu utamu. Kipande changu nilikishika mkononi mpaka kikalowesha kanga.

Tarehe sita, saa mbili asubuhi, trekta likapita. Lilianza na mtikiti, kwa sababu udongo wa hapo ulikuwa na unyevu. Emilian alilitangulia akiondoa gunia na matete ili yasinase kwenye majembe ya trekta. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Tulihamia kwenye mstari, kiwanja namba kumi na saba, naye akapewa kazi ya kulinda trekta lile lile nyakati za mchana.

Jioni moja nilimwomba msamaha. Nilisema yote, bila kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia Jumapili," alisema.

"Niliogopa."

"Najua." Akainuka kwenda kufunga kuku.

Hakunipiga, hakunitukana, hakumwambia mtu. Yeye na kaka yake walisalimiana mpaka kifo cha Emilian mwaka 1983, na watu wa Uru mpaka leo wanasema Emilian alikuwa mnyenyekevu aliyejua kutanguliza isale. Nami nilikaa naye miaka minane katika kile kiwanja, tukapata mtoto mwingine, tukacheka tena, tukataniana kama zamani. Nyuma ya nyumba tulikuwa na miche michache ya nyanya na mchicha, kitu kidogo tu cha mboga. Kila niliposhika ndoo niende kuimwagilia, aliacha alichokuwa anafanya, akaja, akaichukua mkononi mwangu taratibu, akaenda kuimwagilia mwenyewe.